Mjusi wa Tendaguru na duara jekundu

Haya jamani, nimerudi. Najua nimepotea wiki tatu bila hata salamu, na wale waliokuwa wananiulizia kwenye foleni ya chakula kama nimedisko, naomba wajue nipo, nipo kabisa. Nilibanwa na asaimenti moja ya historia ya ukoloni. Leo nimeona niwamegee kilichonikuta, maana kimeninyima usingizi kuliko hata bumu linavyochelewaga.

Tuliambiwa kila mtu achague kitu kimoja kilichoondoka nchini enzi za ukoloni, aeleze kiliondokaje. Nusu ya darasa wakakimbilia fuvu la Mkwawa. Mimi kwa kuwa upande wa mama ni watu wa Lindi, nikasema nachukua mjusi. Yule mjusi mkubwa wa Tendaguru, ambaye kila Mtanzania amewahi kumsikia na karibu hakuna aliyemwona. Nikapiga msuli siku mbili (ukweli usemwe, na kudesa kulikuwepo), nikafungua insha yangu kwa sentensi ambayo niliiona ya kisomi kweli kweli: "Mifupa ya dinosaria wa Tendaguru iligunduliwa mwaka 1906 na mhandisi wa Kijerumani."

Karatasi ikarudi na duara jekundu kwenye neno "iligunduliwa". Pembeni mwalimu kaandika: "Wenyeji hawakuwa na macho? Andika upya."

Basi ndo nikaanza upya, na safari hii nikasoma.

Kwanza tumjue mwenyewe, maana tunamwita mjusi kama vile ni mjusi kafiri wa ukutani. Aliishi mwishoni mwa kipindi cha Jurasiki, kama miaka milioni 150 iliyopita. Lindi ya wakati huo haikuwa hii. Afrika na Amerika ya Kusini zilikuwa bado zimeshikana, ila upande wetu wa mashariki Madagaska na India zilikuwa zimeanza kujitenga na bahari inajipenyeza katikati. Pale Tendaguru palikuwa pwani, penye maji ya kina kifupi na wangwa wa kujaa na kupwa. Ndiyo maana ukichimba unakuta tabaka lenye mifupa ya dinosaria, halafu tabaka la mchanga lenye makombe ya baharini, halafu mifupa tena. Matabaka ya mifupa ni matatu. Bahari ilikuja ikaondoka, ikaja ikaondoka.

Mnyama wenyewe alikuwa mla majani. Mikono yake, yaani miguu ya mbele, ilikuwa mirefu kuliko ya nyuma, kwa hiyo mgongo ulishuka kuelekea mkiani kama wa twiga. Mfupa wa juu wa mkono peke yake una urefu wa mita 2 na sentimita 13. Hakuna mtu hosteli yetu anayemfikia huo mfupa, na tunao wachezaji wa basketi. Shingo ilikuwa na pingili 13, na pingili hizo zina matundu na vyumba vya hewa ndani kama mifupa ya ndege, la sivyo asingeweza kuinyanyua. Hakutafuna. Meno yake yalikuwa ya kukwanyua majani, kisha anameza, na kazi nyingine inafanywa na tumbo. Uzito wake wataalamu wameubishania muda mrefu: mwaka 1962 kuna aliyekadiria tani 78, makadirio ya karibuni mengi yako kati ya tani 23 na 40. Tembo dume mkubwa ana tani 6 hivi, sasa piga hesabu mwenyewe.

Kuna kitu kimoja kimenifurahisha. Kwa kuwa matundu ya pua kwenye fuvu yako juu sana, zamani wasomi waliamini kwamba aliishi ziwani, mwili wote umezama na pua tu inachungulia juu. Picha za namna hiyo zilichorwa kwenye vitabu kibao. Mwaka 1951 Mwingereza mmoja, Kermack, akakaa akapiga hesabu akaonyesha kwamba kwenye kina hicho maji yangembana kifua asiweze kuvuta pumzi hata moja. Basi mjusi akatolewa majini, akaanza kutembea nchi kavu.

Sasa turudi kwenye duara jekundu.

Mhandisi anaitwa Bernhard Wilhelm Sattler. Alikuwa anafanya kazi na kampuni ya Kijerumani ya kutafuta madini Lindi, na mwaka 1906 alikuwa kwenye pori la ndani huko, kaskazini magharibi ya mji, kama kilomita 60. Akakuta mfupa mkubwa umechomoza ardhini, njiani, chini ya kilima cha Tendaguru. Njiani! Mimi niliposoma hilo neno ndo nikaelewa mwalimu alikuwa ananiambia nini. Njia haijitengenezi yenyewe. Njia maana yake kuna watu wanapita kila siku, kwenda shamba, kwenda kisimani, kwenda msibani. Ule mfupa ulishakwaza vidole vya watu wengi kabla ya buti la Sattler kufika. Alichofanya Sattler ni kuandika barua kwa wakubwa zake Ujerumani. Hicho ni kitu kikubwa, sikatai, ila kinaitwa kutoa taarifa.

Halafu angalieni mwaka wenyewe. 1906. Wale wa historia wenzangu mmeshashtuka. Vita ya Maji Maji ilianza Julai 1905 kule Umatumbi na ikaisha 1907. Wamwera wa Lindi waliingia vitani, na Agosti 1905 misheni ya Nyangao ilishambuliwa. Jibu la Wajerumani mnalijua: kuchoma vijiji, kuchoma mashamba, kuchoma maghala, mpaka njaa imalize kazi ambayo risasi haikuimaliza. Waliokufa nchi nzima wanakadiriwa kati ya 75,000 na 300,000. Kwa hiyo wakati Sattler anauangalia mfupa wa miaka milioni 150, pembeni yake kulikuwa na mahame mapya kabisa. Na nyinyi mnaosoma sheria mtaipenda hii: amri ya Kaisari ya mwaka 1895 ilisema ardhi isiyo na mwenyewe ni mali ya Taji. Eneo la Tendaguru likatangazwa ardhi ya Taji. Kwanza unawaondoa watu kwa njaa, halafu unatazama huku na huku unasema mbona hapa hapana mtu.

Mwaka 1907 alikuja Eberhard Fraas, mtaalamu wa visukuku kutoka Stuttgart. Akaumwa sana tumbo la kuhara, lakini alifika Tendaguru, akaona, akarudi na baadhi ya mifupa, na mwaka 1908 akaandika. Hapo Berlin ikaamka. Mkurugenzi wa makumbusho, Wilhelm von Branca, akaanzisha kamati ya kuchangisha, matajiri na wakubwa wakatoa zaidi ya marki 200,000. Aprili 1909 Werner Janensch na Edwin Hennig wakashuka Lindi. Uchimbaji ukaenda hadi mwanzoni mwa 1913. Baada ya hao wawili alikuja Hans von Staff, kisha Hans Reck na mkewe Ina Reck. Huyu Hans Reck ndo yule yule aliyekwenda Olduvai mwaka 1913 akatoka na mifupa ya mtu wa kale. Dunia ndogo.

Wajerumani waliokuwa kambini kwa wakati mmoja walikuwa wa kuhesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Waliokuwa na majembe na sururu ni wengine. Mwaka wa kwanza walikuwa vibarua kama 170, na kufikia 1912 walikuwa karibu 500. Waliacha makwao wakaja na wake na watoto, kilima kikawa mji. Kwa nini walikuja? Jibu si moja. Kodi ilikuwepo na ililipwa kwa rupia. Mashamba yalikuwa yamechomwa juzi tu. Lakini pia nadhani mtu akishajua kazi anaipenda, na hii haikuwa kazi ya kibarua wa kubeba zege. Mfupa wa namna ile umepasuka vipande mia, ukiugusa vibaya umekuwa unga. Inabidi uufukue kwa kisu na brashi, uufunike kwa udongo au plasta, uusuke kwa mianzi kama tenga. Plasta ilikuwa ghali na ilitoka Ulaya, mianzi ilikuwa hapo hapo. Sasa nani alikuwa anajua kusuka mianzi, Janensch? Matenga yale yalitunza mifupa vizuri mpaka zaidi ya miaka 100 baadaye kulikuwa na mengine pale Berlin ambayo hayajawahi kufunguliwa.

Msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani. Hili jina naomba mlisome mara mbili. Boheti alikuwa ameshafanya kazi pale kabla ya Janensch na Hennig kufika. Wazungu walibadilishana, yeye alikuwepo. Janensch mwenyewe alimsifu kwa maandishi. Wapo na wasimamizi wengine ambao majina yao yamebaki: Salim Tombali, Mohammadi Keranje. Watatu hao, na wengine wachache waliotajwa hapa na pale. Kati ya watu 500.

Kisha mizigo ikapanda kichwani. Barabara haikuwepo, na punda au ng'ombe asingeweza kwa sababu ya mbung'o. Kwa hiyo mifupa ilikatwa vipande vya kubebeka, ikafungwa, ikachukuliwa na wapagazi hadi bandari ya Lindi, mwendo wa siku tatu mpaka nne. Kutoka hapo meli hadi Hamburg, halafu Berlin. Kiasi kilichosafirishwa kinatajwa kuwa kama tani 230.

Hii namba nilimsomea rumeti wangu, yupo uhandisi, mtu ambaye historia kwake ni kitu cha kulalia. Akainuka kitandani. "Tani 230 kwa kichwa? Acha masihara." Akachukua desa lake la mekanika akageuza nyuma, akaanza. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kama kilo 30. Kilo 230,000 gawanya kwa 30, unapata mizigo 7,666 na chenji. Kila mzigo kilomita 60, kwa kunyoosha tu, maana njia ya porini ina kona. Zidisha. Kilomita 460,000. Akanyamaza kidogo halafu akasema, "Oyaa, mwezi uko kilomita 384,000." Akaichora kabisa, mstari kutoka Lindi hadi mwezini, unapitiliza. Na hapo hatujahesabu kurudi.

Najua mtaalamu atasema mifupa mingine ilibebwa na watu wengi kwa miti, na kwenye zile tani kuna mianzi na mbao humo. Sawa. Toa unachotaka kutoa, bado uko mbali sana na nyumbani.

Sasa njooni kwenye majina, maana hapa ndo nilipokasirika. Mwaka 1914 Janensch alimpa mnyama wetu jina la kisayansi: Brachiosaurus brancai. Brachiosaurus kwa sababu mwaka 1903 Mmarekani Riggs alikuwa ameshatumia jina hilo kwa mnyama anayefanana naye wa Colorado. Na brancai ni kwa heshima ya Branca, yule mkurugenzi wa kuchangisha. Branca hakukanyaga Tendaguru! Alikaa Berlin. Mwaka 1988 mtafiti Gregory Paul akapendekeza huyu wa kwetu aitwe Giraffatitan, yaani jitu la twiga, na mwaka 2009 Michael Taylor akalinganisha mfupa kwa mfupa akaonyesha kwamba kweli ni mnyama mwingine, si ndugu wa damu wa yule wa Colorado. Kwa hiyo sasa ni Giraffatitan brancai. Sehemu ya kwanza ilibadilika, Branca akabaki. Na kuna kimnyama kidogo cha kunyonyesha, taya tu, kutoka pale pale, mwaka 1927 kikaitwa Brancatherulum. Branca tena.

Aliyelipia naye anaitwa jina lake, daktari Hansemann wa ile kamati ana dinosaria wake, Sattler ana wake. Lakini aliyeniacha hoi ni huyu: Dysalotosaurus lettowvorbecki. Kalikuwa ka dinosaria kadogo kenye mbio. Mwaka 1919 kakapewa jina la Jenerali Lettow-Vorbeck, na hilo neno la mbele maana yake ni kama asiyekamatika, kwa sababu Waingereza walimkimbiza vita nzima wasimkamate. Yaani mnyama wa Lindi anaitwa jina la mtu ambaye Oktoba 1917 alipigana Mahiwa, Lindi hiyo hiyo, mapigano mabaya kati ya mabaya yote ya vita ile upande huu wa Afrika. Hakukamatika sawa, lakini chakula chake na risasi zake zilikuwa kwenye vichwa vya nani? Wapagazi, tena. Walikufa kwa makumi ya maelfu, wa Mjerumani na wa Mwingereza.

Hapo ndo nikampigia bibi.

Bibi yangu mzaa mama yuko kijijini, ana miaka themanini na kitu, masikio yake mazima kuliko yangu. Nikampa shikamoo, tukaulizana habari za mvua na korosho, halafu nikaleta la kwangu: bibi, huko kwetu hakuna mtu aliyewahi kuchimba mijusi ya Wajerumani?

Akacheka. "Mijusi? Mwanangu, mimi mijusi siijui. Ila babu yangu alibeba mizigo ya Wadachi."

Nikakaa sawa. Mizigo gani, bibi?

"Mizigo. Alikuwa na kovu hapa begani, tukiwa watoto tunaligusa. Anasema hili la Mdachi."

Alikuwa anaipeleka wapi? Lindi?

"Lindi, ndiyo. Na kwingine. Wakati wa Mdachi mtu hakuulizwa anakwenda wapi."

Nikajaribu kumvuta kwa miaka. Alikuwa ameshaoa wakati huo? Ilikuwa kabla ya vita au wakati wa vita? Bibi akasema vita ipi, maana zilikuwa mbili tatu. Hakuwahi kumsikia babu yake akitaja mifupa. Wala hakuwahi kumsikia akitaja risasi. Alisema mizigo tu. Kasha likishapigwa misumari, ndani kuna mjusi au kuna baruti, shingo ya mbebaji haijui tofauti.

Kwa hiyo sijui, na sitajua. Inawezekana mmoja wa ile mizigo 7,666 ulipita kichwani kwa mtu wa kwetu. Inawezekana alikuwa mbali kabisa, anamfuata Lettow-Vorbeck maporini. Niliwaza sana nitaiwekaje hii kwenye insha na nikaona haikai, mwalimu atauliza chanzo kiko wapi, na chanzo ni kovu la marehemu.

Wengine mtauliza habari za kumrudisha. Kila nikisema Tendaguru mtu wa kwanza ananiambia "warudishe mjusi wetu!" hata kabla sijamaliza. Mimi nilikuwa hivyo hivyo. Sasa nina maneno kidogo.

Alipofika Berlin haikuwa kwamba wanamtoa kwenye kasha wanamsimamisha. Kuandaa mifupa kulichukua miaka na miaka. Alisimamishwa mwaka 1937, na kwenye picha za wakati huo unaziona bendera za Hitler zimening'inia nyuma yake. Vita ya pili alifunguliwa akafichwa chini, akasimama tena 1953, Berlin ya Mashariki. Mwaka 2007 akasimamishwa upya, safari hii miguu imenyooka chini ya mwili kama ya tembo, maana zamani walimpanua viwiko kama mjusi kweli. Ana urefu wa mita 13.27 kwenda juu, na Guinness wanamtambua kama mifupa ya dinosaria mirefu kuliko yote iliyosimamishwa duniani. Na hata pale, pingili nyingi za shingo na mgongo unazoziona ni za kutengeneza. Zile halisi ni nzito na zinavunjika, zimehifadhiwa pembeni. Tena si mnyama mmoja: mwili mwingi ni wa yule waliyempa namba S II, sehemu zilizokosekana zikaazimwa kwa wenzake.

Wabunge wa kusini wamelipeleka suala hili bungeni zaidi ya mara moja. Mei 2018 waziri wetu wa mambo ya nje wa wakati huo, hayati Augustine Mahiga, alisema mbele ya mwenzake wa Ujerumani kwamba serikali haidai arudishwe, inataka ushirikiano kwenye utafiti na uchimbaji. Novemba 2023 Rais Steinmeier alikwenda Songea akaomba msamaha kwa yaliyotendeka Maji Maji. Kuhusu msamaha, mjusi hakuwa ajenda.

Msimamo wangu? Ninaugawa. Kusema hawezi kurudi kwa sababu hatuna jengo, hiyo sinunui. Jengo linajengwa, na mlango wa Berlin unapitiwa na watu wengi wanaolipa kiingilio kila mwaka. Lakini kusema arudi, halafu tukimweka Dar tumwandikie kibao "aligunduliwa na Sattler mwaka 1906", hapo heri abaki. Na si utani, nimepekua madaftari yangu ya sekondari, nimekuta nimeandika hivyo hivyo kwa mkono wangu mwenyewe, na nilipata vema.

Kilima chenyewe kipo. Watu husahau hilo. Waingereza walikwenda kuchimba kuanzia 1924 hadi 1931, kiongozi wao wa kwanza Cutler akafia Lindi kwa malaria mwaka 1925, na msaidizi wake alikuwa kijana Louis Leakey, mzaliwa wa Kabete, aliyechukuliwa kwa sababu Afrika aliijua. Mwaka 2000 Watanzania na Wajerumani walichimba pamoja, safari hiyo wakitafuta zaidi mazingira ya kale, mimea na viumbe vidogo, kuliko mifupa ya kutisha. Kwa hiyo anayesoma jiolojia hapa na hajui afanye nini na maisha, barabara ya Lindi ni ya lami. Ukishaiacha lami ndo jiandae, hasa masika.

Na kuna jambo moja lilinipoza. Mwaka 2007, mwaka ule ule mjusi aliposimamishwa upya, Mjerumani Kristian Remes alikuwa anachunguza pingili mbili za shingo kutoka Tendaguru ambazo zilikuwa zimewekwa kwenye jina lisilo lake. Akaona ni mnyama mpya, mwenye shingo ndefu pia. Akamwita Australodocus bohetii. Bohetii. Boheti bin Amrani. Halafu mwaka 2019 pingili nyingine za mkia, nazo zilikuwa zimepachikwa jina la mnyama mwingine, zikapewa jina Wamweracaudia keranjei: mkia wa Wamwera, wa Keranje, kwa sababu Mohammadi Keranje ndiye aliyesimamia shimo walipotoka. Ilichukua karibu karne nzima kwa Boheti na zaidi ya hapo kwa Keranje. Nilipomsomea bibi hilo jina la Wamwera kwenye simu, alinirudisha mara tatu nilitamke vizuri, halafu akauliza, "Na mkia wenyewe uko wapi?" Nikamwambia Berlin. Akasema, "Haya."

Insha nimeiandika upya. Sentensi ya kwanza imenitoa jasho kuliko kurasa zote nyingine, maana kila nikiandika kitenzi namwona mwalimu na kalamu yake. Kwa sasa inasomeka hivi: "Kati ya mwaka 1909 na 1913, wachimbaji na wapagazi wa Lindi chini ya usimamizi wa Boheti bin Amrani walitoa ardhini na kubeba hadi pwani kama tani 230 za mifupa, kwa ajili ya msafara wa makumbusho ya Berlin." Rumeti kasema ni ndefu. Nikamwambia hata njia ilikuwa ndefu.

Naipeleka kesho saa mbili asubuhi. Ile karatasi yenye mstari wa kwenda mwezini nimeibandika ukutani juu ya kitanda, atakayekuja rumu ataiona. Ngoja nilale, mnyonge wenu nina kipindi cha asubuhi.